Uthamini Si Ukaguzi: Namna ya Kuchagua Uchunguzi Unaofaa Kabla ya Kununua Nyumba

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

Mtumishi wa umma anapostaafu na kupokea mafao yake ya mkupuo, mara nyingi fedha hizo huwa ndizo nyingi kuliko zote alizowahi kuzishika kwa wakati mmoja, na hatarajii kuzishika tena. Chukulia kwamba mstaafu mmoja amepata nyumba ya vyumba vitatu pembezoni mwa Kibaha. Imepakwa rangi mpya, ina hati, na muuzaji anamwonesha taarifa ya uthamini yenye mhuri, iliyoandaliwa mwaka uliopita alipokuwa akiomba mkopo benki. Mstaafu anaisoma, anaona kuwa thamani iliyoandikwa inazidi bei anayoombwa, anaridhika kwamba nyumba imekwisha kukaguliwa na wataalamu. Analipa. Mwezi Aprili mvua za masika zinapokolea, ufa unatokea kwenye pembe ya dirisha la sebule na kupanda kwa mshazari hadi kwenye linta. Kufikia Juni mlango wa chumba cha kulala haufungi.

Mfano huu haumhusu mtu mahsusi, lakini wengi waliowahi kununua au kuuza nyumba hapa nchini watautambua. Mstaafu huyo hakuwa mzembe. Alitaka kuona karatasi za kitaalamu, akaziona, na zilikuwa halali. Tatizo ni kwamba taarifa aliyoisoma ilijibu swali la benki: endapo mkopaji atashindwa kulipa, nyumba hii itauzwa kwa shilingi ngapi? Swali lake yeye, yaani kama nyumba hiyo itasimama kwa miaka ishirini ijayo bila matengenezo makubwa, halikuulizwa na mtu yeyote, kwa hiyo halikujibiwa.

Hapa ndipo ugumu wa kuchagua ukaguzi ulipo. Nchini Marekani kuna kazi inayojitegemea ya mkaguzi wa nyumba, na majimbo mengi humtaka awe na leseni. Mnunuzi humwita mtu huyo mmoja, naye hupita kuanzia paa hadi msingi na kuandika taarifa moja. Uingereza, taasisi ya kitaalamu ya RICS imepanga ukaguzi wa nyumba za makazi katika ngazi tatu, kutoka ule mwepesi unaofaa nyumba mpya ya kawaida hadi ule wa kina unaofaa nyumba kuukuu au iliyobadilishwa sana. Kwetu Tanzania hakuna taaluma moja inayobeba mzigo wote huo. Maarifa hayo yamegawanyika kwa wataalamu mbalimbali wanaosimamiwa na bodi mbalimbali: mpima ardhi, mthamini, mhandisi, mbunifu majengo, mkadiriaji majenzi na fundi umeme mwenye leseni. Anayepaswa kuwaunganisha ni mnunuzi mwenyewe, na hawezi kufanya hivyo kabla ya kujua kila mmoja anajibu swali gani.

Karatasi kwanza

Uchunguzi wa gharama ndogo kuliko wote ndio unaopaswa kutangulia, nao ni upekuzi wa taarifa za umiliki. Kwa ardhi iliyosajiliwa, maombi hupelekwa kwa Msajili wa Hati, ambaye huduma zake hupatikana katika ofisi za ardhi za mikoa. Majibu ya upekuzi huonesha jina la mmiliki aliyesajiliwa, ukubwa wa kiwanja, matumizi yaliyoruhusiwa, muda wa umiliki na kama kuna rehani au zuio lolote lililoandikishwa juu ya hati hiyo. Muda wa umiliki hausomwi na wengi, ilhali hati inaweza kuwa ya miaka 33, 66 au 99. Nyumba yenye hati ya miaka 33 iliyotolewa mwanzoni mwa miaka ya tisini haina hadhi sawa na ya jirani yake mwenye miaka 60 iliyobaki, hata kama kuta zinafanana.

Nakala ya hati aliyonayo muuzaji haichukui nafasi ya upekuzi. Hati inaweza kuwa ya kweli kabisa na bado nyumba ikawa imewekwa rehani. Aidha, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 59, inazuia mwanandoa mmoja kuuza au kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Ridhaa hiyo ni muhimu hata pale ambapo jina lililoandikwa kwenye hati ni moja. Migogoro ya aina hii haioneshwi na ufa wowote ukutani, na hakuna mhandisi atakayeigundua.

Mahali ambapo ardhi haijapimwa, au mmiliki ana leseni ya makazi tu, hakuna daftari la hati la kupekua. Uchunguzi hapo hufanyika kwa kuuliza watu: ofisi ya serikali ya mtaa au kijiji, majirani wa pande zote nne, na ndugu wa muuzaji ikiwa nyumba ni ya urithi. Katika nyumba ya urithi, mnunuzi aombe kuona barua ya mahakama ya uteuzi wa msimamizi wa mirathi. Maelezo ya dalali, hata awe mkweli kiasi gani, hayatoshi, kwa kuwa malipo yake yanategemea mauziano kukamilika.

Kiwanja chenyewe

Wengi hudhani kuwa upekuzi ukishatoka safi, suala la ardhi limekwisha. Halijaisha. Hati inaeleza kiwanja kilivyo kwenye ramani, nayo nyumba imejengwa juu ya ardhi. Kama vitu hivyo viwili vinapatana ni jambo la kuthibitishwa na mpima ardhi aliyesajiliwa, ambaye hutafuta bikoni, hupima upya na kueleza kama ukuta wa uzio, shimo la maji taka au chumba cha uani kimevuka kwenda kwa jirani. Kazi hii huchukua muda mfupi, lakini inaokoa kesi za miaka mingi katika mabaraza ya ardhi na nyumba.

Mpima huyo pia ndiye anayeweza kueleza kwa vipimo jambo ambalo macho hukisia tu, nalo ni umbali kutoka kwenye hifadhi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu zinazoweza kuathiri mazingira ndani ya mita 60 kutoka kwenye bahari, ziwa au kingo za mto. Katika barabara kuu na za mikoa, hifadhi ya barabara kwa mujibu wa Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 na kanuni zake ni mita 30 kila upande kutoka katikati, na zipo sehemu ambazo hifadhi ni pana zaidi. Alama ya X iliyopakwa ukutani inajulikana na kila mkazi wa mjini. Nyekundu na ya kijani zina maana tofauti katika suala la fidia, lakini kwa mnunuzi zote mbili zinatosha kumfanya asimame na kuuliza. Bahati mbaya ni kwamba rangi mpya huifunika alama hiyo kwa dakika chache. Mwaka 2017 nyumba nyingi zilibomolewa kando ya Barabara ya Morogoro kutoka Kimara kwenda Kibaha kwa sababu ya hifadhi ya barabara, na baadhi ya majengo hayo yalikuwa imara kuliko mengi yaliyobaki. Uimara haukuyasaidia.

Vivyo hivyo kwa mabonde. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 jijini Dar es Salaam, Serikali iliwahamishia waathirika wa mabondeni katika viwanja vya Mabwepande. Anayenunua nyumba jirani na Bonde la Msimbazi au bonde jingine lolote atembee mtaani na kuwauliza wazee maji yalifika wapi mwaka huo. Katika kuta za nyuma ambazo hazikupakwa rangi, mstari wa matope huweza kuonekana hadi leo.

Uthamini na mipaka yake

Mthamini aliyesajiliwa anafanya kazi chini ya Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya mwaka 2016, na taarifa yake ni nyaraka yenye uzito. Hutumika benki, mahakamani, katika fidia na katika kodi. Ni kweli pia kwamba mthamini hufika kwenye nyumba, huingia vyumbani, hupima na kupiga picha, na ndiyo maana wananchi humchukulia kuwa amekagua. Hata hivyo, anachotafuta ni thamani. Anaangalia eneo, ukubwa, vifaa vilivyotumika, hali ya jumla na bei za nyumba zinazofanana. Hafunui dari wala hachimbi pembeni ya msingi. Kwa kawaida, kurasa za mwanzo au za mwisho za taarifa yake hueleza wazi kwamba jengo halikufanyiwa uchunguzi wa kimuundo na kwamba sehemu zilizofunikwa zimechukuliwa kuwa hazina kasoro. Maneno hayo hayapo kama pambo. Anayesoma ukurasa wenye tarakimu peke yake ameacha sentensi iliyomhusu zaidi.

Je, mnunuzi anayelipa taslimu anahitaji uthamini? Kwa maoni ya mwandishi, anauhitaji pale tu anapokuwa na shaka na bei. Ikiwa fedha zake zinatosha kumlipa mtaalamu mmoja tu baada ya upekuzi na mipaka, mtaalamu huyo awe mhandisi.

Jengo lenyewe

Ukaguzi wa hali ya jengo ndio unaorukwa mara nyingi zaidi, na ndio wenye ngazi nyingi zaidi za kuchagua. Ngazi ya kwanza ni ukaguzi wa macho. Mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi hutembelea nyumba kwa saa kadhaa, hupanda darini, huzunguka nje, hufungua na kufunga kila mlango na dirisha, kisha huandika alichokiona na anachokishuku. Kwa nyumba ya kawaida isiyo ya ghorofa, yenye umri mdogo, kwenye ardhi tambarare ya mchanga, mara nyingi hiyo inatosha.

Ngazi ya pili ni uchunguzi wa kihandisi wa kina. Hapo huchimbwa shimo dogo la majaribio pembeni ya msingi ili kuona kina chake na aina ya udongo unaoubeba. Ugumu wa zege hupimwa kwa nyundo ya Schmidt, na pale penye shaka kubwa huchukuliwa sampuli ya zege kwenda maabara. Nondo hutafutwa kwa kifaa maalumu ili kujua ziko wapi na zimefunikwa kwa unene gani. Uchunguzi huu ni ghali, na si kila nyumba inauhitaji. Nyumba inayouhitaji bila mjadala ni ile ya ghorofa, iliyoongezewa sehemu baada ya kujengwa, iliyo kwenye mteremko au kwenye udongo unaovimba, au ambayo ukaguzi wa macho umekuta nyufa zinazotia shaka.

Ufa unastahili maelezo marefu kidogo, kwa sababu ndio unaowatisha watu pasipo sababu na ndio unaowapita watu penye sababu. Nyufa nyembamba kama unywele zilizotawanyika juu ya plasta kama ramani ya vijito hutokana na plasta kukauka haraka. Zinachukiza macho, lakini haziangushi nyumba. Ufa wa kuogopa una mwelekeo. Huanzia pembe ya dirisha au mlango na kwenda mshazari, au hupanda kama ngazi kwa kufuata maungio ya matofali, na hupita ukuta mzima hadi ukaonekana ndani na nje. Ukiwa mpana zaidi juu kuliko chini, huashiria kwamba mwisho wa jengo unatitia. Ukiwa mpana zaidi chini, huenda sehemu ya katikati ndiyo inayozama. Ufa unaozidi milimita 5 usikubaliwe kwa maelezo ya mdomo ya muuzaji.

Jambo kubwa kuliko upana ni kama ufa ungali unatembea. Mafundi wa zamani hubandika kipande cha plasta au kioo juu ya ufa na kuandika tarehe, kisha hukirudia baada ya wiki kadhaa. Kikivunjika, jengo linaendelea kusogea. Mnunuzi mwenye haraka hana wiki hizo, na muuzaji asiye mwaminifu analijua hilo. Ndiyo sababu rangi mpya katika nyumba isiyokaliwa iwe chanzo cha maswali, hasa ikiwa ukuta mmoja tu ndio uliopakwa.

Tukirudi Kibaha kwa mstaafu wetu, eneo hilo lina sehemu zenye udongo wa mfinyanzi unaovimba unapolowa na kusinyaa unapokauka, na nyumba nyepesi zilizojengwa juu yake kwa msingi mfupi zimekuwa mada ya tafiti za wahandisi kwa miaka mingi. Udongo wa namna hiyo, na ule mweusi wa mbuga unaopatikana katika mikoa kadhaa ya bara, hunyanyua nyumba wakati wa mvua na kuishusha wakati wa kiangazi. Nyumba iliyokaguliwa Januari na ile iliyokaguliwa Mei zinaweza kuonekana kama nyumba mbili tofauti. Shimo moja la majaribio lenye kina cha mita moja na nusu lingemwonesha mstaafu udongo huo kwa siku moja. Hakuna karatasi nyingine miongoni mwa alizozisoma ambayo ingeweza kumwonesha.

Mkoani Kagera kuna swali la ziada. Tetemeko la ardhi la 10 Septemba 2016 liliharibu nyumba nyingi ndani na nje ya Bukoba, na baadhi zilikarabatiwa kwa kuziba nyufa tu. Mnunuzi wa nyumba iliyojengwa kabla ya tarehe hiyo aulize ilikarabatiwaje, na mhandisi abandue plasta mahali panapotiliwa shaka.

Unyevu nao una lugha yake. Doa linaloanzia sakafuni na kupanda, likiacha chumvi nyeupe na rangi inayobanduka, hutokana na maji yanayopanda kutoka ardhini, na tiba yake ni ngumu. Doa linaloshuka kutoka darini ni la paa, na mara nyingi hurekebishika. Katika miji ya pwani mambo huwa mazito zaidi pale zege lilipochanganywa na mchanga wenye chumvi, kwa sababu nondo hupata kutu, kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, na zege hupasuka kwa kufuata mstari wa nondo. Ufa ulionyooka kandokando ya nguzo au boriti, ukiwa na rangi ya kahawia, una maana hiyo. Kule darini, mhandisi huchunguza kenchi na papi kama zimeliwa na mchwa na kama mbao zilitiwa dawa. Unene wa bati pia hutazamwa. Geji 32 ni nyembamba kuliko geji 28, ingawa wauzaji wengine hupenda kuitaja tarakimu kubwa kana kwamba ndiyo bora.

Ghorofa na sehemu zake

Kwa majengo ya ghorofa, uzito wa uamuzi ni mkubwa zaidi, kwa kuwa hatari haikomi kwa mwenye nyumba. Tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam liliporomoka na kuua zaidi ya watu 30. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa katika soko la Kariakoo liliporomoka likiwa na wafanyabiashara na wateja ndani, na zaidi ya watu 20 walipoteza maisha. Baada ya ajali hiyo Serikali iliunda timu ya kukagua majengo ya Kariakoo. Matukio haya mawili yanatofautiana kwa jambo moja linalomhusu mnunuzi: la kwanza lilikuwa jengo lisilokamilika, la pili lilikuwa limekwisha kutumika. Jengo kukaliwa kwa miaka si uthibitisho wa usalama wake, hasa pale ambapo nguzo zimekatwa ili kupanua duka, chini pamechimbwa, au ghorofa zimeongezwa juu.

Anayenunua ghorofa, au sehemu ndani ya ghorofa, aombe kibali cha ujenzi kilichotolewa na halmashauri pamoja na michoro iliyoidhinishwa, kisha mhandisi wake ahesabu ghorofa. Likiwa limeidhinishwa kwa nne na limesimama kwa sita, mazungumzo ya bei yasiendelee. Umiliki wa sehemu ya jengo una sheria yake ya mwaka 2008, na mnunuzi wa sehemu hiyo ananunua pia wajibu wa paa, ngazi, lifti na tangi la maji vinavyotumiwa na wote. Kukagua vyumba vyake tu ni kukagua sehemu ndogo ya anachokinunua.

Nyumba za mawe za Mji Mkongwe wa Zanzibar ziko katika kundi lao. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na kuzifunika kwa plasta ya saruji huzuia unyevu usitoke, hivyo ukuta huoza kwa ndani huku ukionekana mpya kwa nje. Sehemu ya Beit al Ajaib, jengo lililojengwa mwaka 1883, iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 ikiwa katika ukarabati. Kwa nyumba za aina hiyo, mhandisi aliyezoea zege peke yake hatoshi. Atafutwe anayejua ujenzi wa chokaa, na mamlaka inayosimamia uhifadhi wa mji huo iulizwe kabla ya kugusa chochote.

Umeme na maji yanaweza kuelezwa kwa kifupi. Mifumo ya umeme ikaguliwe na fundi mwenye leseni ya EWURA, hasa waya wa erthi na uwezo wa nyaya kwa nyumba iliyoongezewa viyoyozi au jiko la umeme. Kwa kuwa kodi ya majengo hulipwa kupitia mita ya LUKU tangu mwaka 2021, ni vyema kuhakikisha kuwa mita haina deni la aina yoyote. Mabomba yafunguliwe yote kwa pamoja, na chemba za maji taka zifunuliwe. Harufu itaeleza mengi.

Ikiwa nyumba bado inajengwa

Kwa mwananchi anayejenga mwenyewe, au anayenunua nyumba ikiwa bado kwenye msingi, ukaguzi unaofaa ni wa hatua kwa hatua, nao ni wa gharama nafuu ukilinganisha na faida yake. Mhandisi huitwa kabla ya kitu kufunikwa: mtaro wa msingi ukiwa wazi, nondo zikiwa zimefungwa na zege halijamwagwa, linta ikiwa bado kwenye mbao, na kenchi zikiwa hazijaezekwa. Baada ya hapo kila alichopaswa kukiona kimefichwa, na kukitafuta tena kunahitaji nyundo na fedha. Huulizia pia kama zege limemwagiliwa maji kwa angalau wiki moja na kama mbao za chini ya zege zitaachwa muda wa kutosha, kwa kuwa nguvu inayokusudiwa hupimwa zege likiwa na siku 28. Ndugu walio ughaibuni wanaotuma fedha za ujenzi nyumbani wangefaidika sana na utaratibu huu. Picha za simu zinaonesha kuta zinapanda, lakini hazioneshi nafasi kati ya nondo na nondo.

Namna ya kumwagiza mtaalamu

Mpangilio mzuri ni kuanza na uchunguzi mdogo unaoweza kusitisha kila kitu, na kwenda kwenye mkubwa. Upekuzi ukikuta rehani, hakuna haja ya kumlipa mpima. Mpima akikuta nyumba iko ndani ya hifadhi ya barabara, hakuna haja ya kumlipa mhandisi. Fedha za awali zisitolewe kabla ya hatua hizo. Muuzaji akishinikiza kwamba yupo mnunuzi mwingine mlangoni, malipo hayo yaandikwe katika mkataba kuwa yatarudishwa endapo ukaguzi utabaini kasoro zilizotajwa.

Mtaalamu apewe kazi kwa maandishi. Ombi la "nikagulie nyumba" humwachia yeye kuamua aangalie nini. Ombi lililoandikwa kwamba aeleze hali ya msingi, aina ya udongo, chanzo cha kila ufa unaozidi milimita 2, hali ya kenchi, na makadirio ya gharama za matengenezo katika miaka mitano ijayo, humlazimu kujibu. Kwa makadirio ya gharama, mkadiriaji majenzi anaweza kuongezwa ikiwa matengenezo ni makubwa. Usajili wake uhakikiwe kwenye bodi husika, na asiwe ameletwa na muuzaji wala dalali. Taarifa itolewe kwa jina la mnunuzi, iwe na tarehe, picha na sahihi, na itaje sehemu ambazo mtaalamu hakuweza kuzifikia, pamoja na sababu. Orodha hiyo ya sehemu zisizofikiwa isomwe kwanza. Chumba kilichofungwa kwa kuwa ufunguo haupo kinapaswa kufunguliwa kabla ya siku ya malipo.

Taarifa ikishapatikana, mnunuzi ana njia tatu: kununua kwa bei iliyokubaliwa, kuomba bei ipunguzwe kwa kiasi cha matengenezo yaliyokadiriwa, au kuondoka. Mstaafu wa Kibaha angeweza kuchagua ya pili. Msingi kwenye udongo unaovimba unaweza kuimarishwa, maji ya mvua yanaweza kuelekezwa mbali na kuta kwa mifereji na sakafu pana ya nje, na miti mikubwa iliyo karibu na ukuta inaweza kushughulikiwa kwa ushauri wa mhandisi. Kazi hizo zina gharama inayoweza kuandikwa mezani mbele ya muuzaji na kutolewa katika bei, kabla ya Aprili.